Kamba Haijui Mteremko

Kabla hujamfundisha mtoto kuinua mkono, tazama amesimama juu ya nini. Hilo ndilo neno la kwanza ninalowaambia vijana wanaokuja nyumbani kwangu hapa Kasulu kuniuliza habari za halaiki, na wengi huondoka wakidhani nimezeeka vibaya. Walitaka niwaambie juu ya ngoma na mavazi. Mimi nawaambia juu ya udongo.

Halaiki ndiyo iliyokula maisha yangu ya kazi. Watoto wanaingia uwanjani kwa mistari siku ya sherehe, wanageuka kuwa duara, jembe, ramani au moto, kisha wanatoka bila mtu kukanyagwa. Nimeifundisha Kasulu, Kibondo, Gwarama na Manyovu. Sikuisomea popote. Nilimaliza darasa la saba, na mengine niliyapata kwa kutazama, kwa kitabu kimoja cha hesabu za maumbo kilichopoteza jalada, na kwa mzee mmoja wa kijijini kwetu Muhororo aliyeitwa Ntakije. Sasa magoti yangu yamekataa uwanja, kwa hiyo nawaandikia ninyi ambao yenu bado yanakubali.

Mzee Ntakije aliwahi kuwa askari zamani za ukoloni, na gwaride lilibaki miguuni mwake hata alipokwenda kuchuma maharage. Kwake nilijifunza kuanza na watoto wawili wawili, kamwe si mstari mzima, kwa sababu mtoto humwamini mwenzake kabla ya kukuamini wewe. Nilijifunza kutolitaja jina la aliyekosea, kwani ukilitaja, kesho wote watakuwa wanamtazama yeye badala ya kutazama mbele. Na nilijifunza kutumia ngoma. "Filimbi kila mwamuzi anayo," alikuwa akisema. "Ngoma ni ya aliyeishika."

Neno hilo la mwisho nililipuuza mara moja tu, huko Manyovu, miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeona pembe inasikika mbali kuliko ngoma, nikawafundisha watoto kwamba pembe ikilia, wote wanakaa chini. Siku ya sherehe, kabla hata hatujaanza, lori lililokuwa likisubiri kuvuka kwenda Burundi likapiga honi. Watoto wote wakakaa. Likapiga tena, wakabaki wamekaa wakinitazama kwa utii mkubwa. Wageni walipiga makofi wakidhani ndiyo salamu yetu.

Lakini niwarudishe Muhororo, maana huko ndiko nilikojifunza habari ya udongo.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, tulipoitana ndugu, na sabuni ikionekana dukani ilikuwa habari ya kusimuliana. Kijiji chetu kilikuwa bado kipya, kimepangwa kwenye ubavu wa mlima, na sisi vijana tulikuwa tukijitolea kwa kila kitu: kuchimba mtaro, kufyatua matofali ya shule, kulima shamba la kijiji. Ikaja taarifa kwamba Mwenge wa Uhuru utapokewa Kasulu kwa sherehe kubwa, na kwamba kila kijiji kilete kitu. Wengine walileta kwaya, wengine mashairi. Muhororo tukaambiwa tulete halaiki: duara kubwa la watoto, na katikati yake wadogo wenye vitambaa vyekundu wakicheza kama ndimi za moto.

Hatukuwahi kufurahi namna ile. Nguo hazikuwapo, akina mama wakafua mifuko ya unga na kushona kaptula na blauzi. Maandishi mengine hayakutoka, na mtoto mmoja alicheza siku zote na neno "safi" limekaa sawasawa makalioni. Mzee Ntakije akashika ngoma. Mimi, kijana wa kujitolea, nikawa msaidizi wake wa kupanga mistari. Na mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Bukuru, mama wa pacha, akajitolea kupika uji wa mtama kila jioni ya mazoezi. Pacha wake, Bukuru na Butoyi, walikuwa kwenye duara, na alikuwa ameshawatangazia watu hadi ng'ambo ya kijito kwamba wanawe watasimama mbele ya wageni wa taifa.

Duara lenyewe lilifanyika hivi. Watoto waliingia wakiwa wamesongamana katikati kama shada la ndizi, halafu kwa kila pigo la ngoma kila mmoja akapiga hatua kwenda nje, hadi wakafunguka. Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule yetu. Mwanzoni halikuwa duara. Lilikuwa limeporomoka upande wa chini kama ugali ulioanguka. Tukasahihisha: walioko chini wafupishe hatua, walioko juu warefushe. Jioni baada ya jioni tukasahihisha, mpaka siku moja likakaa mviringo kama sahani, na Mzee Ntakije akaiweka ngoma chini akacheza mwenyewe.

Tukashuka Kasulu kwa mazoezi ya pamoja. Uwanja wa mjini ulikuwa tambarare kama meza. Ngoma ikalia, watoto wetu wakafunguka, na mbele ya vijiji vyote kikatokea kitu cha ajabu. Upande mmoja ulikuwa umebonyea, upande wa pili umechongoka. Lilikuwa yai.

"Mnalitaga lini?" sauti ikauliza.

Aliyeuliza alikuwa Rama, kiongozi wa vijana wa kujitolea wa mjini, kijana wa rika langu mwenye mdomo usiopumzika. Watu wa mjini walikuwa na utani wao wa siku nyingi juu yetu, kwamba mtu wa mlimani huzaliwa na mguu mmoja mfupi ili asianguke shambani.

"Si nilisema?" Rama akawaambia wenzake. "Mguu mmoja mfupi!"

"Wa kulia au wa kushoto?" mwenzake akauliza.

"Inategemea anakwenda wapi!"

Uwanja mzima ukacheka. Mtu mzima huvumilia utani wa namna hiyo. Lakini niliona watoto wetu wakitazama miguu yao. Butoyi, yule pacha mdogo, alikuwa ameiweka miguu pamoja na kuipima kwa macho. Mama Bukuru naye alimwona.

Katibu wa kamati ya maandalizi alikuja kwetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi hata katika mwaka ule usio na sabuni. "Ndugu Ntakije," akasema, "siwezi kuwaonyesha wageni yai. Mtarudi kwa mazoezi ya mwisho. Likiwa duara, mtaingia. Lisipokuwa, vijana wa mjini watachukua nafasi yenu, na watoto wako watakaa na watazamaji."

"Ndugu Katibu, kwetu ni duara," Mzee Ntakije akajibu.

"Basi nilete wageni kwenu?"

Tulipanda mlima kurudi kwetu. Tulipofika, wale watoto ambao hawakuwa kwenye halaiki walikuwa wakicheza kandanda kwenye uwanja wetu, kwa mpira wa majani ya migomba. Mpira ukapigwa pembeni kidogo, ukaanza kushuka wenyewe kuelekea goli la chini. "Badilisha goli! Zamu yetu ya juu!" wakapiga kelele, wakabadilishana. Sisi vijana nasi tulicheza hivyo tangu kijiji kilipoanza. Kwetu timu ya juu hushambulia na ya chini huomba mechi iishe. Kila mtu wa Muhororo alijua kwamba uwanja ule umelala kama mgongo wa ng'ombe anayeshuka kunywa maji. Tulilijua kwa mpira. Kwa halaiki halikutujia hata mara moja.

Nikasimama pale nikaona yote. Mtoto anayeshuka, hatua yake hurefuka yenyewe. Anayepanda, hufupika. Sisi tulikuwa tumewazoesha kurekebisha, wa chini wabane na wa juu wavute, na wakazoea vizuri sana. Mjini mlima haukuwapo, lakini marekebisho walikwenda nayo. Tulikuwa tumewafundisha mlima.

Nilipomweleza Mzee Ntakije, alinitazama, akatazama mpira ukishuka, akakaa kwenye nyasi akacheka mpaka akashika mbavu. "Askari mzima!" akasema. "Kumbe sisi jeshini tulipigia gwaride kwenye uwanja wa ndege!"

Kujua ugonjwa si kupona. Tuliwaambia watoto wasahau, wapige hatua sawa. Lakini wakipiga hatua sawa kwenye uwanja wetu, duara liliporomoka tena. Nao waliona kwa macho yao kwamba limeharibika, wakalisahihisha bila kuambiwa. Walikuwa watoto wema mno. Nikaenda kutafuta ardhi tambarare. Muhororo nzima ilikuwa na kipande kimoja, bondeni, na nusu yake ilikuwa maharage ya kijiji, nusu ya pili ukiingia unatoka bila kiatu, kama unacho. Zilibaki siku chache.

Mama Bukuru alikuwa amekaa mlangoni kwake akisokota kamba ya mgomba. Mnajua inavyofanywa: unachukua maganda makavu ya shina, unayachana nyuzi, unayalowesha kidogo, unasokota juu ya paja. Nikapita nimeinamisha kichwa.

"Fili, mwana wanje, unatafuta nini chini?" akaniuliza, akiniita mwanawe kwa Kiha chetu.

"Tambarare, mama."

"Huku? Ungetafuta bahari ungeipata kwanza." Kisha akanyoosha kidole. "Njoo uone mbuzi wangu."

Mbuzi wake alikuwa amefungwa kwenye kigingi, katikati ya mteremko mkali kuliko hata uwanja wa shule. Alikuwa amekula majani pande zote hadi mwisho wa kamba. Na pale alipoishia kula palikuwa mviringo, safi, kana kwamba mtu amepachora.

"Huyu hajaenda halaiki," Mama Bukuru akasema. "Anashuka, anapanda, hapimi hatua. Mbona yeye halitagi yai?"

Mimi niliyekuwa nikikisoma kile kitabu kila jioni, nikichora maduara kwa kigingi na uzi, nilikuwa nimelisahau jambo lenyewe. Miguu inaujua mteremko. Kamba haijui.

Msidhani tulipata jawabu palepale. Kwanza tulimpa kila mtoto kamba yake kutoka kigingi kimoja cha katikati, kama mbuzi. Walipofunguka ilikuwa nzuri. Walipozunguka, kamba zikajisuka zenyewe, wakavutwa wote mpaka kwenye kigingi wakiwa wamebanana kama kuni, na Mzee Ntakije akatafuta kisu. Ndipo tukasema iwe kamba moja ndefu, iliyofungwa ncha kwa ncha, na watoto wote wakae ndani yake, kila mmoja ameishika mahali palipofungwa jani. Wanapokuwa wamesongamana kamba inaning'inia. Wanapofunguka, kila mmoja anavuta kidogo kuelekea nje. Kamba ikikazwa sawa pande zote haina la kufanya ila kuwa duara. Jaribuni wenyewe kwa uzi na vidole. Aliyevuta sana anasikia wenzake wanamrudisha, na aliyelegea anasikia wanamchukua. Huhitaji kumfokea mtu.

Kijiji kizima kilisokota. Hata wazee waliokuwa wamesema halaiki ni mchezo walikaa na maganda ya migomba magotini, wakishindana nani kasokota ndefu na kuitana wavivu.

Kwenye mazoezi ya mwisho tulifunguka mbele ya Katibu, na lilikuwa duara. Akaanza kutabasamu. Ndipo ikasikika "pwa!" na upande mzima wa watoto ukaanguka chali.

"Imekatika," akasema Katibu.

"Imekauka," akasema Mama Bukuru. "Tumeibeba juani tangu asubuhi. Kamba ya mgomba ikikauka ni majani. Ikiwa mbichi utafungia ng'ombe."

"Ndugu Mama Bukuru, ikikatika mbele ya wageni?"

"Ikikatika, ndugu yangu, unifunge nayo."

Katibu alimtazama, akawatazama pacha waliokuwa wakijipangusa vumbi. "Mtaingia," akasema. "Lakini iwe mbichi."

Siku yenyewe tuliiloweka kamba kwenye pipa, tukaitoa dakika ya mwisho, watoto wakajipanga nyuma ya jukwaa, tayari. Na wageni wakachelewa. Vijana wangu, hili nalo liandikeni: wageni huchelewa. Jua la Kasulu likapanda. Kila nilipoishika kamba niliisikia inazidi kuwa nyepesi. Pipa tulilokuja nalo lilikuwa tupu, watoto walikuwa wameyanywa maji yaliyobaki, na mimi sikuwa na moyo wa kuwakataza. Bomba la karibu lilikuwa upande wa vijana wa mjini.

Mama Bukuru akajifunga kanga upya, akamwendea Rama. Nilimfuata nikidhani nitasuluhisha ugomvi.

"Rama, mwanangu. Una ndoo?"

"Ninazo. Za nini?"

"Kamba yetu inakauka. Isipopata maji itakatika, na wewe utapata cha kucheka mpaka Pasaka. Chagua."

Rama alitazama kule watoto walikosimama. Walikuwa wamejipanga wima katika mifuko yao ya unga, wameishika kamba kwa mikono miwili, hakuna anayetikisika. Butoyi alikuwa mbele kabisa, miguu pamoja.

"Haya!" Rama akawageukia wenzake. "Ndoo zote! Mnangoja niwaimbie?"

Vijana wa mjini walikimbia na ndoo kutoka bombani kama nyumba inaungua. Walimwagia kamba, na kwa kuwa mikono ya watoto ilikuwa juu ya kamba, waliwamwagia na watoto, na watoto wakapiga kelele za furaha wakitaka tena. Wakati huohuo shangwe zikalipuka barabarani. Mwenge ulikuwa umefika, na jina la Muhororo likatajwa kwenye kipaza sauti.

Mzee Ntakije akapiga ngoma. Waliingia wakichuruzika maji, wakasongamana katikati. Pigo la kwanza, hatua. Pigo la pili, hatua. Kamba ikainuka kutoka ardhini. Na ilipokazwa kwa ghafla pande zote, maji yote yaliyokuwa ndani yake yakaruka hewani kwa pamoja, duara zima la matone kwenye jua, na ndani yake wale wadogo wakapeperusha vitambaa vyao vyekundu.

Uwanja uliguna kwanza, kisha ukapasuka kwa vigelegele. Katibu alikuwa amesimama karibu mno. Ile suti ililowa kuanzia bega hadi goti, na mgeni mmoja akainama kumuuliza jambo. Baadaye tuliambiwa kwamba aliuliza ni nani aliyebuni yale maji, na Katibu, bila kujifuta, alijibu, "Ni utaalamu wa watu wa mlimani."

Kamba haikukatika. Lilikuwa duara tangu mwanzo hadi watoto walipotoka nalo.

Tangu siku ile nimefanya kazi hii kwa vifaa vingi. Kibondo niliona spika kubwa za kwanza, zikazimika katikati ya wimbo, na watoto wakaendelea kwa kuhesabu kwa midomo kwa sababu tulikuwa tumewafundisha hivyo kwanza. Siku hizi mnarusha vile vyombo vya kamera angani, mnaona kutoka juu nani amepinda, na ni vizuri, mimi nilikuwa nikipanda mti. Chukueni vyote. Lakini kabla ya vyote, nendeni uwanjani na mpira, muuweke chini, muone unaelekea wapi. Kama unaondoka wenyewe, tafuteni kamba.

Na jioni ile tulirudi Muhororo tukiimba, kamba tumeifungua fundo, tumeilowesha tena na kuibeba mabegani kama nyoka mkubwa aliyekamatwa. Rama na wenzake walikuja nasi. Walisema wanataka kufundishwa ile kamba, na Mama Bukuru alikuwa ameahidi uji. Hadi chini ya mlima waliimba kutuzidi. Kisha njia ikainuka. Wimbo wao ukapungua, ukabaki wetu. Watoto walikuwa wanapanda kama wanashuka, Bukuru na Butoyi mbele, wakigeuka kila mara kungoja.

Mama Bukuru naye akasimama, akatazama nyuma. Rama alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi.

"Rama, mwanangu," akaita kwa sauti ya kusikika mlima mzima. "Mguu upi mfupi leo?"

Rama alinyanyua uso umelowa jasho.

"Yote miwili, Mama Bukuru! Nitupieni hiyo kamba!"

Butoyi ndiye aliyeshuka kumpelekea ncha. Rama akaishika, wenzake wakaishika nyuma yake, na watoto wa Muhororo wakawavuta hadi juu.